Kupiga picha za aurora usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye kamera au simu anayetaka kupiga picha za mwanga wa kaskazini, yaani aurora, akiwa Norwei, Uswidi, Ufini, Iceland, Kanada au Alaska. Saa zimetajwa kwa Kiswahili: saa nne usiku ni ile ambayo simu inaandika 22:00. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Aurora ni nini, na rangi zake zinatoka wapi?

Mbali na mwanga na joto, jua hurusha chembe zenye umeme. Mkondo wake huitwa upepo wa jua. Sumaku ya dunia huzielekeza baadhi ya chembe hizo karibu na ncha, zikaigonga hewa ya juu kabisa, nayo ikang'aa. Oksijeni iliyo kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi hutoa kijani, rangi inayoonekana mara nyingi kuliko zote. Ile ya juu zaidi, kuanzia kilomita 200, hutoa nyekundu. Naitrojeni hutoa buluu na zambarau, pamoja na ule ukingo wa waridi unaojitokeza chini ya pazia mwanga unapochachamaa.

Kijani hicho ni cha wimbi moja jembamba la nanomita 557.7. Jambo hilo lina athari kwenye filta. Tazama swali la 9.

2. Mbona picha za watu ni za kijani kibichi, ilhali mimi niliona kitu cha kijivu?

Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi. Mwanga ukiwa hafifu, jicho linaona utepe wa kijivu kama moshi, wakati kamera inakusanya mwanga huohuo kwa sekunde kadhaa na kuonyesha kijani chake. Mwanga ukikolea, utakiona kijani kwa macho yako, na usiku mzuri sana hata waridi.

Jipe dakika 20 hadi 30 gizani bila kutazama simu. Ukiiwasha mara moja kujibu ujumbe, unaanza upya kuhesabu.

3. Nitajuaje kama ile ni aurora au ni wingu tu?

Piga picha ya majaribio: ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 6400, sekunde 3, tundu la lenzi limefunguliwa hadi mwisho. Ikitoka ya kijani, ni aurora. Wingu lililo karibu na mji hutoka la chungwa au jeupe kwa sababu linarudisha taa za barabarani. Dalili nyingine ni nyota: kwenye aurora utaziona zikipenya, kwenye wingu zito zinapotea.

4. Je, inaonekana Afrika Mashariki, hata kutoka juu ya Kilimanjaro?

Hapana. Mwanga huu huzunguka ncha za sumaku, na sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku, mahali pa mwisho ambapo ungefika. Dhoruba ya sumaku ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilikuwa ya daraja la G5, la juu kabisa, ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003. Kaskazini mwanga ulishuka hadi Florida na Meksiko. Kusini ulipigwa picha Namibia na Afrika Kusini. Kwetu haukufika. Mita 5,895 za Kilimanjaro hazibadilishi kitu, kwa sababu kinachokutenga na mwanga huo ni maelfu ya kilomita za upeo wa dunia.

Kuna wanaopiga picha ndefu, yaani za sekunde nyingi, usiku wa giza totoro, Turkana au Serengeti, wakakuta michirizi ya kijani hafifu angani. Huo ni mng'ao wa kawaida wa hewa ya juu. Oksijeni ni ileile na wimbi la kijani ni lilelile, ila nguvu yake imetokana na miale ya jua ya mchana uliopita. Upo kila usiku, duniani kote.

## Wapi na lini

5. Niende wapi?

Ulaya, mkanda wa aurora kwa kawaida hukaa kwenye latitudo 65 hadi 70: Tromsø, Abisko, Kiruna, Inari, na Iceland karibu yote. Amerika Kaskazini mhimili wa sumaku ya dunia umeinamia upande wa Kanada, hivyo mkanda unashuka chini zaidi. Ndiyo maana Yellowknife, iliyo latitudo 62 tu, inashindana na Tromsø iliyo karibu na 70. Fairbanks huko Alaska na Churchill huko Manitoba ni za kundi hilohilo. Wanaoishi Edmonton au Winnipeg huipata bila kusafiri mbali dhoruba ikiwa ya wastani. Wa Minneapolis wanahitaji kubwa kidogo, na watazame kaskazini, chini karibu na upeo.

Ukituuliza kipi kitangulie, tutasema mawingu kabla ya latitudo. Tromsø iko pwani na mara nyingi imefunikwa, hivyo wenyeji huendesha gari kwenda Skibotn au kuvuka mpaka hadi Kilpisjärvi, Ufini. Abisko imezungukwa na milima inayozuia mawingu ya mvua, ndiyo maana anga yake huwa wazi zaidi kuliko ya majirani. Kokote uliko, ondoka mjini kilomita 20 hadi 30, utafute uwazi upande wa kaskazini: ziwa, uwanda, au barabara ya pembeni yenye sehemu rasmi ya kuegesha.

6. Miezi gani, na saa ngapi?

Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Aprili. Juni na Julai hakuna giza, basi. Karibu na Machi 20 na Septemba 22, usiku na mchana vinapolingana, sumaku ya dunia hukaa mkao unaoukaribisha upepo wa jua, na dhoruba huongezeka. Septemba ina faida ya maziwa ambayo hayajaganda, yanayotoa taswira majini. Machi ina theluji bila ule ukali wa Januari.

Muda wenye nafasi kubwa ni saa nne usiku hadi saa nane usiku. Usikariri sana, lakini. Desemba huko Tromsø giza linaingia mapema mno, na mwanga mkali unaweza kutokea saa kumi na mbili jioni wakati watu wako mezani.

Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza kwamba jua limefika kilele cha mzunguko wake wa 25. Mzunguko mmoja ni wa miaka 11 hivi, na miaka ya baada ya kilele bado ni mizuri, kwa sababu mashimo ya korona (sehemu za tabaka la nje la jua zinazoachia chembe kirahisi) huturushia upepo wa kasi na hurudi kutuelekea kila baada ya siku 27 hivi. Ukipata usiku mzuri, tia alama kwenye kalenda siku 27 mbele.

7. Kp ni nini, na nisubiri ifike ngapi?

Kp ni kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, 0 hadi 9, kinachojumlisha saa tatu. Kp 5 ni dhoruba ya G1, Kp 9 ni G5. Tromsø, Inari au Yellowknife, Kp 1 au 2 inatosha kabisa, na wanaokaa hotelini wakisubiri Kp 5 hupoteza safari nzima. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo unavyohitaji namba kubwa.

Kwa uamuzi wa usiku huohuo, acha Kp utazame Bz, yaani mwelekeo wa sumaku iliyobebwa na upepo wa jua. Bz ikiwa hasi (kusini), mlango umefunguka. Ikishuka chini ya −5 na kukaa hapo nusu saa, vaa viatu. Vipimo hivyo vinatoka kwenye satelaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Upepo wa kilomita 400 kwa sekunde unakupa kama saa moja ya kujiandaa, wa 800 nusu saa.

Kosa la kawaida hapa ni saa. Kurasa nyingi za utabiri zinaandika UTC, yaani saa ya kimataifa. Majira ya baridi, Oslo na Stockholm ongeza saa moja, Helsinki ongeza mbili, Edmonton na Yellowknife toa saba.

## Vifaa

8. Je, lenzi iliyokuja na kamera inatosha?

Inatosha kuanzia, ila itakudai ISO kubwa. Namba ya f/ ni ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18-55mm yenye f/3.5 hupokea theluthi mbili hivi ya mwanga wa f/2.8, na lenzi ya f/1.8 hupokea mara 2.4 ya f/2.8. Faida ya tundu kubwa ni muda: pale f/3.5 inapohitaji sekunde 10, f/1.8 inamaliza kwa sekunde 3, na pazia linabaki na mikunjo yake.

Upana unaofaa ni 14mm hadi 24mm kwa sensa kubwa, au 10mm hadi 16mm kwa sensa ndogo ya APS-C. Mwenye mfuko mdogo atafute lenzi ya mkono isiyo na fokasi ya kujiendesha, kama Samyang 14mm f/2.8, iliyotumika. Fokasi ya kujiendesha huihitaji usiku huu.

9. Kwa nini picha yangu ina miduara midogo katikati ya anga?

Umeacha filta ya kinga mbele ya lenzi. Kwa kuwa kijani cha aurora ni cha wimbi moja tu (swali la 1), mwanga unaorudi kati ya nyuso mbili bapa za kioo hugongana wenyewe na kuchora miduara. Kuiondoa baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi haitoki. Fungua filta kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu kwenye baridi uzi wake hukaza ukashindwa kuufungua na glavu.

10. Tripodi yangu ni imara, mbona nyota zimetetemeka?

Kuna sababu nne tunazokutana nazo. Miguu imesimama juu ya theluji laini, nayo inazama kidogo kidogo picha ikiendelea: kanyaga theluji kwanza, kisha sukuma mguu mmojammoja hadi ugonge kitu kigumu. Umepandisha nguzo ya katikati: ishushe yote. Mkanda wa kamera unapeperuka: uvue au ufunge. Umebonyeza kitufe kwa kidole: tumia kuchelewesha kwa sekunde 2.

Ya tano si ya tripodi. Kizuia-mtikisiko cha lenzi, kisipozimwa, hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha chenyewe.

## Mipangilio ya kamera

11. Nianze na mipangilio gani?

Weka kamera kwenye hali ya mkono (M), kisha:

- Aina ya faili: RAW (faili ghafi, kabla kamera haijaichakata)
- Tundu la lenzi: namba ndogo kabisa uliyonayo, f/2.8 au chini yake
- ISO: 1600, panda hadi 3200 mwanga ukiwa hafifu
- Muda wa shata: sekunde 8
- Mizani ya rangi: 3800 K, isiyobadilika
- Kupunguza chenga (vidoa vidogo vya gizani) kwa picha ndefu: zima

Hicho cha mwisho kinasahaulika sana. Kikiwashwa, kamera hupiga picha ya pili ya giza yenye urefu uleule, na wewe unasimama ukitazama pazia likicheza huku kitufe hakikutii. Mizani ya rangi iwe moja usiku wote, la sivyo kamera itaamua upya kila picha na mfululizo wako utarukaruka rangi (swali la 21).

12. Sekunde ngapi hasa?

Jibu la swali la 11 ni pa kuanzia tu. Kasi ya mwanga ndiyo inayoamua.

Mapema usiku huwa kuna tao tulivu linalokaa upande wa kaskazini bila kujongea. Hilo lipe sekunde 8 hadi 15. Likianza kukunjamana kama pazia, shuka sekunde 3 hadi 6. Mwanga ukifika utosini na miale kutawanyika pande zote, hiyo huitwa korona (si ile ya jua ya swali la 6): sekunde 1 hadi 2, na mara nyingi huhitaji hata kupandisha ISO, kwa kuwa theluji yenyewe imegeuka kijani. Hapa ndipo wengi wanapokosa. Wamezoea sekunde 10, tukio kubwa la usiku linakuja kwa dakika tatu, na wanarudi na shuka la kijani lisilo na umbo. Ukiona mwanga unaongezeka, punguza muda kabla hujafanya lolote jingine.

Kuna pia kikomo cha nyota. Hesabu ya zamani ni 500 gawanya kwa milimita za lenzi: 14mm inatoa sekunde 35, 24mm inatoa 20. Kwa kamera za sasa zenye pikseli nyingi chukua nusu yake. Kwa aurora hutafika huko mara nyingi.

13. Nifanyeje fokasi gizani?

Picha nyingi huharibikia hapa, na kasoro haionekani hadi uifungue kwenye kompyuta. Alama ya ∞ kwenye lenzi usiiamini. Nyingi ziko nje kidogo, na baridi inasogeza vyuma vya ndani.

1. Zima fokasi ya kujiendesha, kwenye lenzi au kwenye menyu.
2. Weka zumu pale utakapopigia. Ukiigusa tena, fokasi irudiwe.
3. Washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini, tafuta nyota angavu au taa ya mbali sana, na uikuze mara 10.
4. Zungusha pete polepole. Nyota itapungua, iwe nukta, kisha ianze tena kutanuka. Rudi kwenye nukta ndogo kabisa.
5. Bandika selotepu kwenye pete.
6. Piga picha moja, ikuze, kagua nyota za katikati na za pembeni.

Rudia kukagua kila nusu saa. Nyota za pembeni zikiwa na mabawa na za katikati zikiwa nukta, hiyo ni tabia ya lenzi ikiwa wazi kabisa. Funga kidogo, mfano kutoka f/1.8 hadi f/2.2.

Hakuna nyota wala taa? Mpe mwenzako tochi asogee mita 50 au zaidi, ufanye fokasi kwenye tochi. Kwa lenzi ya 14mm umbali huo unatosha.

14. Picha ilipendeza kwenye skrini, nyumbani nikaikuta giza. Kwa nini?

Gizani skrini ya kamera inang'aa kama taa na kila kitu kinaonekana angavu. Punguza mwanga wake hadi chini kabisa, halafu fuata histogramu, yaani mchoro wa mwanga wa picha kuanzia giza kushoto hadi weupe kulia: kilima kisibanwe kwenye ukuta wa kushoto, kikae kama robo hadi theluthi ya njia kutoka kushoto. Upande wa pili, tazama mstari wa kijani peke yake. Wa jumla unaweza kuonekana salama huku kijani kimeshagonga kulia, na pazia litatoka na doa jeupe lisilorekebishika.

15. Mwezi unaharibu?

Mwezi mpevu hufifisha aurora dhaifu. Nusu mwezi ulio nyuma yako, kinyume chake, unaangaza milima na miti bure, na wengi wetu tunaupenda kuliko giza tupu. Shusha ISO hadi 800 au 1600.

## Simu

16. Simu inaweza?

Inaweza, mradi isishikwe mkononi. Nunua kishikio cha simu cha kufunga kwenye tripodi, tumia lenzi kuu ya 1x (ile ya upana zaidi ina tundu dogo), na weka kuchelewesha kwa sekunde 3.

iPhone 11 na zilizofuata, isipokuwa za SE, zina hali ya usiku. Ikitulia kwenye tripodi inakuruhusu hadi sekunde 30, lakini kwa pazia linalocheza rudisha hadi 3 au 5. Samsung za daraja la juu, na Xiaomi, Tecno na Infinix nyingi, zina hali ya Pro: ISO 1600, sekunde 4 hadi 8, fokasi ya mkono kwenye alama ya mlima. Kwenye Pixel iogope hali ya kupiga nyota: hukusanya picha hadi dakika 4, na kwa muda huo aurora inageuka ukungu wa kijani.

17. Simu inazima ghafla ikiwa na chaji 40%. Imeharibika?

Hapana, betri imepoa. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, itafufuka. Ikiwa nje muda mrefu, bandika kifuko cha joto cha mkono mgongoni mwake, mbali na lenzi. Ushauri wa betri za kamera (swali la 18) unahusu pia pawabenki.

## Baridi

18. Nibebe betri ngapi?

Tatu kwa usiku mmoja wa −15 hadi −25, moja kwenye kamera na mbili mfuko wa ndani. Ikipungua, badilisha; iliyotolewa ikipata joto inarudisha sehemu ya chaji, kwa hiyo usiihesabu kuwa imeisha. Zima Wi-Fi na Bluetooth. Watengenezaji wengi wanaandika kwamba kamera ni ya kutumika kuanzia 0 °C. Zinafanya kazi chini ya hapo, ila skrini inakuwa nzito na waya za plastiki zinakakamaa hadi kukatika.

19. Nikiingia ndani kamera inalowa. Nizuieje?

Hewa ya ndani ina unyevu, nao hukimbilia vyuma vya baridi, nje ya kamera na ndani yake. Ukiwa bado nje, toa memori kadi na betri, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, kamua hewa, funga. Ingia nayo, iache kwenye begi saa 2 hadi 3. Anayefungua mara moja ili aone picha, kitumbua chake kimeingia mchanga: ukungu ukikaa nyuma ya kioo cha ndani, siku hiyo kamera haitumiki tena. Kadi umeshaitoa, kwa hiyo picha utaziona.

Hatari hiyo ipo pia kwa anayetoka na kuingia kwenye gari lenye heta kila dakika kumi. Amua: kamera ikae nje usiku wote, au gari liwe la baridi.

20. Lenzi inafanya barafu. Nipulize?

Usipulize kwa mdomo. Pumzi yako ndiyo inayoganda. Tumia pampu ya mpira ya kupulizia vumbi na kitambaa kikavu. Dawa yenyewe ni kuzuia: zungushia lenzi mkanda wa joto unaochomekwa kwenye pawabenki, au funga vifuko viwili vya joto kwa mpira chini ya kioo cha mbele. Baada ya kuvifunga, rudia fokasi, kwa kuwa joto linaisogeza.

Mikono nayo ivae glavu nyembamba ndani na za mkupuo nje, zile zisizotenganisha vidole. Tripodi ya alumini usiishike kwa mkono mtupu kwenye −20. Ngozi yenye unyevu inaganda kwenye chuma. Na juu ya ziwa lililoganda usiende kwa kuwa umeona nyayo. Uliza mwenyeji unene wa barafu.

## Hali zisizo za kawaida

21. Nataka video ya kasi, yaani taimlapsi. Nihitaji picha ngapi?

Kwa sekunde 10 za video ya picha 24 kwa sekunde, unahitaji 240. Ukipiga sekunde 6 na kupumzika 2, hiyo ni dakika 32. Picha 240 za RAW za MB 30 ni kama GB 7.2. Kila kitu kiwe cha mkono, fokasi imebandikwa, muda wa mapumziko uwe mfupi. Ukiacha sekunde 10 kati ya picha, pazia litaruka badala ya kutiririka. Weka mpangilio unaostahimili mwanga kuongezeka, na ukubali picha za mwanzo ziwe giza kidogo.

22. Nataka nionekane mimi mbele ya aurora, lakini uso unatoka mweusi tii.

Kamera imepimiwa anga na theluji, na ngozi nyeusi inahitaji mwanga zaidi ya vyote viwili. Usiongeze ISO kwa ajili ya uso, utaunguza anga. Ongeza mwanga kwa mtu peke yake.

Flashi ndogo kwenye 1/64 ya nguvu yake, au tochi inayowashwa kwa sekunde moja, iwekwe pembeni kwa nyuzi 45, mita 3 hadi 4 kutoka kwake. Usiielekeze usoni moja kwa moja. Imulike kwenye theluji au jaketi jeupe, mwanga urudi ukiwa laini. Hilo lina uzito wa pekee kwenye baridi, kwa sababu karibu kila mtu amejipaka mafuta mazito, na tochi ya moja kwa moja inatoa madoa meupe kwenye paji la uso na mashavuni huku sehemu nyingine ikibaki giza. Funika flashi au tochi na karatasi angavu ya rangi ya chungwa. Kwa mizani ya 3800 K, mwanga wake mweupe ungeigeuza ngozi kuwa na ubuluu wa maiti. Kagua uso kwa kuukuza, si kwa histogramu, ambayo imejaa theluji.

Mpigwa picha atanue miguu, aegemee kitu akiweza, na abane pumzi hadi shata ifunge. Mvuke wa pumzi ukipigwa na mwanga unafunika uso. Sekunde 2 hadi 4 zinatosha. Wakiwepo wapiga picha wengine, waombe kabla hujawasha chochote.

23. Naweza kupiga nikiwa kwenye ndege?

Ndiyo, kwa safari za usiku zinazopita kaskazini sana, kama za kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini, au Dubai na Doha kwenda pwani ya magharibi ya Marekani. Chagua dirisha la upande wa kaskazini, ambao kwa safari ya kwenda magharibi ni wa kulia, mbele ya bawa. Gusisha lenzi karibu na kioo, jifunike jaketi wewe na kamera ili taa za ndani zisionekane, na tumia ISO 6400, sekunde 1 hadi 2. Piga nyingi; mtikisiko utazila nusu.

24. Kuna utepe mwembamba wa zambarau uliokaa mbali na ule wa kijani. Nao ni aurora?

Huenda umeiona STEVE, jina lililotolewa na wapiga picha wa Alberta, Kanada, ambao picha zao ndizo zilizowafanya wanasayansi waifuatilie. Ni utepe unaopita mashariki hadi magharibi, kusini ya aurora ya kawaida, wakati mwingine na vijiti vya kijani kama uzio chini yake. Haidumu, mara nyingi chini ya saa moja. Tumia lenzi pana kabisa, sekunde 5 hadi 8, na usisubiri irudi.

25. Naruhusiwa kuhariri kiasi gani?

Sawazisha mizani ya rangi kati ya 3500 na 4200 K hadi theluji iliyo mbali na mwanga iache kuwa ya njano au ya buluu. Shusha sehemu angavu, inua vivuli kidogo, punguza chenga. Ukoleaji wa rangi uache ulivyo, au uupunguze. Kijani cha aurora ndani ya RAW tayari kimekolea kuliko jicho lilivyoona (swali la 2). Programu ya kompyuta iitwayo Darktable inafanya yote hayo bila malipo.

26. Je, nipange picha kadhaa juu ya nyingine ili kuondoa chenga, kama wapiga nyota wanavyofanya?

Kwa anga hapana, kwa sababu pazia limehama kati ya picha moja na nyingine na utapata ukungu. Kwa mandhari ya mbele ndiyo: tripodi ikiwa haijaguswa, piga picha 4 hadi 8 za ardhi, zipangwe pamoja, kisha anga ichukuliwe kutoka kwenye picha moja tu. Usichukue anga ya saa tano na ardhi ya saa nane. Mwanga wa kijani kwenye theluji hautalingana na umbo lililo juu yake, na mtu aliyezoea kutazama picha hizi ataliona hilo mara moja.